Kabla ya kulaumu kadi: kutunza bodi za seva ya ofisi hapa Goma

Seva ya ofisi ikizimika hapa mjini, neno la kwanza ni "kadi imeungua". Mara nyingi ni kweli. Lakini ukinunua nyingine mtaa wa Birere na kuichomeka palepale, kwenye soketi ileile na katika chumba kilekile chenye vumbi, hiyo ya pili nayo umeipeleka kaburini. Madabodi (bodi kuu ya kompyuta, wengi wetu tunaiita karti-mere), kadi ya diski, kadi ya mtandao na vijiti vya memori huweza kukaa miaka kumi bila shida. Ukiona vinakufa kila mwaka, acha kuangalia kadi kwanza. Angalia ardhi ya umeme (waya unaoteremsha umeme uliovuja hadi udongoni), hewa ya chumba, na kama kuna mtu aliyewahi kuandika mipangilio ya mashine hiyo mahali popote.

Ardhi juu ya lava

Ardhi ndiyo inayosahaulika kuliko yote, na Goma ina sababu yake. Mji umekaa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na chini yake kuna nyingine za zamani. Fimbo ya shaba ya mita moja na nusu haiingii kwenye jiwe hilo. Fundi anapiga nyundo hadi sentimita arobaini, inagoma, anakata iliyobaki na kufukia. Baada ya hapo waya wa kijani na njano unaonekana kwenye soketi, kila mtu anaridhika, na waya wenyewe haufiki popote.

Ndani ya pawasaplai ya seva (kifaa kinachoipa umeme) kuna vikapasita viwili vidogo vinavyounganisha fazi (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudisha) kwenye kasha la chuma. Kazi yao ni kumeza kelele za umeme. Ardhi ikiwepo, mkondo huo mdogo unateremka na kuisha. Isipokuwepo, kasha linabaki likielea katikati, karibu volti 110 kwa umeme wa 220. Ndiyo ile hali ya kupitisha mgongo wa mkono kwenye kasha na kuhisi kama sisimizi wanatembea. Sasa chomeka kebo ya printa au ya skrini inayotoka kwenye mashine nyingine iliyo kwenye mstari mwingine wa umeme: tofauti yote hiyo inapita kwenye chipu ya poti. Poti za mtandao zina transfoma ndogo ndani yake, kwa hiyo zinavumilia. Zinazotangulia kufa ni USB, seriali na skrini, na watu husema "kadi za siku hizi ni za kichina".

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Weka multimita kwenye volti za AC, kipimo kikubwa, mashine zikiwa zinafanya kazi. Kati ya fazi na nyutro upate 220 hadi 240. Kati ya fazi na ardhi ikaribie hapohapo. Kati ya nyutro na ardhi isizidi volti mbili tatu. Ukikuta fazi na ardhi ni kama 110, na nyutro na ardhi pia kama 110, basi ardhi hakuna. Usijaribu kwa balbu kati ya fazi na ardhi kama wanavyofanya mafundi wengine: ardhi ikiwa mbovu, utakuwa umeitia fazi kwenye makasha yote ya jengo, na mtu atakayegusa friji chini atajua habari zako.

Dawa juu ya lava ni kwenda kwa upana badala ya kina. Chimba mfereji wa sentimita 60 hadi 80 pale ambapo kiwanja kilijazwa udongo, laza waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 25 kwa mita 15 au 20, kisha ufukie kwa udongo mwekundu unaoshika maji. Bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji sana) ikipatikana, bora zaidi. Chumvi na mkaa vinashusha ukinzani kwa muda tu. Mvua za Aprili zinaisafisha chumvi, na kabla haijaisha inakuwa imekwisha kuila shaba. Mwenye telurometa (kifaa cha kupima ukinzani wa ardhi) apime. Ukipata chini ya omu 10 juu ya jiwe hili, umefanya kazi nzuri. Mashine zote za ofisi, pamoja na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), ziende kwenye ardhi hiyo moja. Na tupa adapta za miguu miwili. Plagi ya seva ina mguu wa tatu kwa sababu hiyo, lakini adapta ya rejareja inaukata kimyakimya.

Hewa, vumbi na mwinuko

Nyiragongo na Nyamulagira ni kati ya milima ya volkano inayotoa gesi ya salfa kwa wingi sana duniani. Upepo ukigeuka, pua inajua. Gesi hiyo pamoja na unyevu inashambulia shaba na fedha, na bodi za kompyuta zimejaa vyote viwili. Mambo yalizidi baada ya Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki: watengenezaji wengi walianza kupaka bodi utando mwembamba wa fedha mahali palipokuwa na solda ya risasi. Ukichukua bodi iliyoathirika na kuiinamisha chini ya taa, utaona weusi unaotambaa kutoka kwenye vitundu vidogo vya bodi, kama wino uliogusa karatasi yenye maji. Weusi huo ukifika kwenye njia ya jirani, siku ya unyevu unaleta shoti, na siku ya jua mashine inawaka kama haijawahi kuumwa. Ugonjwa wa kuja na kuondoka kufuatana na hali ya hewa ya nje, ushuku weusi huo.

Aina ya pili haionekani kwa macho. Zile rezista ndogo kama punje ya mtama zina tabaka la fedha chini ya ncha zake. Fedha ikigeuka salfaidi, njia inakatika. Vijiti vya memori vina safu za rezista hizo karibu na meno ya dhahabu, ndiyo maana kijiti kinaweza kuanza kutoa makosa bila kuguswa na mtu.

Kipimo cha bei rahisi: kata waya wa shaba wa sentimita kumi, uung'arishe kwa msasa laini hadi uwe mwekundu kama sufuria mpya, uutundike mbele ya matundu ya kuingizia hewa ya seva. Weka kipande kingine ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Baada ya mwezi vilinganishe. Cha nje kikiwa kimepauka kidogo, sawa. Kikiwa kahawia iliyoiva au cheusi, chumba hakifai. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa vipande maalumu. Kiwango wanachokubali kwa vyumba vya kompyuta ni kutu ya shaba isiyozidi angstromu 300 (kipimo cha unene mdogo mno) kwa mwezi, na ya fedha isiyozidi 200.

Kwa hiyo usipoze seva kwa kufungua dirisha au kwa feni inayovuta hewa ya barabarani. Tumia kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani, mlango ufungwe. Na kumbuka mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya pwani. Seva nyingi zinazoruhusiwa kuvuta hewa ya nyuzi 35 zinapaswa kupunguziwa nyuzi moja kwa kila mita 300 kuanzia kwenye mita 900 hivi. Hapa dari yako ni 33, na mimi nisingependa kuona zaidi ya 27. Kikapasita cha elektroliti hupoteza takribani nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi kumi zinazoongezeka, kwa hiyo hii haihusu starehe ya mashine.

Vumbi letu ni la jiwe lililosagwa na matairi: jeusi, gumu, lenye ncha. Kati ya Juni na Agosti, kiangazi, linaingia hadi kwenye kabati lililofungwa. Likikaa kavu linaziba mapezi ya kipozeo. Likilowa linapitisha umeme. Ofisi iliyo kando ya barabara ya vumbi isafishe seva mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Agosti kabla ya mvua za Septemba, na tena mwezi wa pili.

Kufungua na kusafisha

Zima kwa utaratibu kutoka kwenye programu, kisha chomoa nyaya za umeme. Sema "nyaya" kwa wingi. Seva nyingi zina pawasaplai mbili, na ukiacha moja, bodi bado ina umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili vikapasita viishiwe. Subiri taa ndogo ya kwenye madabodi izimike kabisa. Vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli na ubane klipu yake kwenye chuma kisicho na rangi cha kasha. Mkanda mzuri una rezista ya megaomu 1. Pima kati ya kitufe cha mkononi na klipu. Ukikuta sifuri, ni waya mtupu, usiuvae. Binadamu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli kwenye volti 3,000 hivi, na chipu inaweza kuumia chini ya 100, kwa hiyo "sikusikia kitu" si ushahidi.

Upepo wa kupulizia usiuchukue kwa wale wanaojaza matairi ya pikipiki. Kompresa zao hutoa maji na mafuta pamoja na hewa, na mafuta hayo ndiyo gundi ya vumbi la kesho. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho kinazalisha umeme tuli kwenye mdomo wake wa plastiki. Tumia kipulizio cha umeme cha kompyuta au pampu ya mkono, pamoja na brashi laini. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, la sivyo itazunguka kasi kuliko ilivyokusudiwa, beringi ziharibike na mota irudishe umeme kwenye bodi.

Kwa madoa tumia alkoli ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji thelathini katika mia, iache ibaki kwa vidonda. Meno ya dhahabu ya kadi yafute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa alkoli, ukienda upande mmoja kutoka kwenye bodi kuelekea nje. Kifutio cha penseli ni desturi ya mafundi wetu na kinafanya kazi, lakini dhahabu ile ni nyembamba kuliko elfu moja ya milimita. Ukisugua kila miezi sita utafika kwenye nikeli, na hapo kadi itaanza kushika na kuachia.

Kuchomeka memori na kadi

Memori kwanza iwe ya aina moja. DDR3 ina meno 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina 288 na volti 1.2, DDR5 ina 288 pia lakini pengo lake liko mahali pengine, kwa hiyo ukilazimisha utavunja soketi. Seva hutumia memori ya ECC, inayoweza kusahihisha kosa la biti moja, na ndani ya ECC kuna zenye rejista (chipu ya kati inayopokea amri) na zisizo nayo. Hizo mbili hazichanganyiki hata kama zina gigabaiti sawa na zinaingia vizuri, mashine haitawaka. Fuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko: kwa kawaida kila chaneli (njia kati ya prosesa na memori) hujazwa kwanza soketi yenye klipu nyeupe au rangi tofauti. Vijiti vinne kwenye chaneli nne vina kasi kuliko vinne vilivyosongamana kwenye mbili. Sukuma ncha zote mbili hadi klipu zijifunge zenyewe kwa mlio. Kijiti kilichoingia upande mmoja ndicho chanzo cha milio mingi ya "bip".

Kwa kadi, swali la kwanza ni nafasi hiyo ni ya prosesa ipi. Kwenye seva ya soketi mbili, baadhi ya nafasi za PCIe (zinakochomekwa kadi) na nusu ya soketi za memori zinahudumiwa na prosesa ya pili. Ofisi nyingi zilinunua mashine yenye prosesa moja tu ili kupunguza bei. Ukichomeka kadi upande usio na prosesa, haitaonekana kamwe, na wala haijafa. Kadi nzima nzima zimerudishwa Kampala na Dubai kwa kosa hilo. Pia urefu wa nafasi unadanganya: inaweza kuwa ndefu ya x16 na waya zake ni za x4 tu (namba ni idadi ya njia za data). Namba ya kweli imechapwa kwenye bodi pembeni mwa nafasi. Kadi ya diski ya x8 hapo itafanya kazi, ila polepole. Usisahau skrubu ya mwisho; bila hiyo uzito wa kebo unainamisha kadi kidogo kidogo.

Kadi ya RAID na betri yake

Hapa ndipo ofisi zinapopoteza data. Kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, huandika kwanza kwenye memori yake ndogo, inaiambia programu ya uhasibu "tayari", halafu inapeleka kwenye diski kwa wakati wake. Betri au kikapasita chake ndicho kinachoshikilia data hiyo umeme ukikatika. Betri ikizeeka, kadi inaacha desturi hiyo yenyewe na kuanza kusubiri diski kila mara. Mtumiaji anaona kitu kimoja tu: programu imekuwa nzito tangu wiki iliyopita. Fundi asiyejua anaongeza memori. Anayejua anatazama hali ya betri.

Kuna mpangilio wa kulazimisha kadi iendelee kuandika haraka hata bila betri. Katika mji ambao umeme unakatika mara kadhaa kwa siku na jenereta inachelewa, mpangilio huo ni kamari kwa hesabu za watu. Badilisha betri. Siku mbili za uzito ni bora kuliko jedwali la wateja lililokatika katikati.

Kadi yenyewe ikifa, weka nyingine ya familia ileile na uchomeke diski kwa mpangilio uleule. Kadi mpya itasema imekuta usanidi wa kigeni kwenye diski. Chagua kuuingiza. Usichague kuufuta, na usikubali kuanzisha diski upya hata skrini ikikubembeleza. Kabla ya hatua hiyo andika kwa kalamu namba kwenye kila diski: 0, 1, 2, 3.

Betri ya saa na mipangilio

Kwenye madabodi kuna betri ya CR2032, kipenyo milimita 20, unene 3.2, volti 3. Mpya ipime dukani: chini ya volti 3 iache kwenye boksi lake. Iliyo ndani ya mashine ikishuka karibu na 2.7, ibadilishe. Ikiisha kabisa na umeme ukakatika, saa inarudi miaka nyuma na kwenye bodi nyingi bayosi (programu ndogo ya bodi inayowasha mashine) inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Hapo ndipo hali ya diski inapobadilika kutoka RAID kwenda AHCI (diski moja moja), au njia ya kuwaka inageuka ya zamani badala ya UEFI, ile ya kisasa, na mashine inasema haioni mfumo. Diski ni nzima, data ipo, lakini mtu mwenye haraka anaanza kusakinisha upya juu yake.

Kinga yake haina gharama: siku mashine ni nzima, ingia kwenye bayosi na upige picha kila ukurasa kwa simu. Chapisha, ubandike ndani ya mlango wa kabati.

Mipangilio mitatu ya kuangalia kwa hali yetu. Ule unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: usiweke iwake papo hapo, kwa sababu umeme wetu hurudi, hukatika, hurudi tena ndani ya dakika. Weka ibaki imezimwa, au iwake baada ya kuchelewa dakika kadhaa kama bodi yako inaruhusu. Wa pili ni feni: zisipunguzwe kwa ajili ya kelele. Wa tatu ni saa. Mashariki mwa Kongo tuko saa mbili mbele ya UTC (saa ya dunia), na Kinshasa iko saa moja mbele. Kwenye Linux chagua Africa/Lubumbashi. Ukichagua Africa/Kinshasa kwa mazoea, ankara zote zitapishana kwa saa nzima na mashine ya malipo.

Seva pia ina kompyuta ndogo ya usimamizi yenye poti yake ya mtandao, ambayo inaandika kila kosa hata mashine kubwa ikiwa imezimwa. Amri ya `ipmitool sel list` inakuonyesha orodha hiyo, na `ipmitool sdr` inatoa joto, volti na mwendo wa feni. Kijiti cha memori chenye makosa yanayosahihishwa kila siku kimekuaga mapema. Orodha itakutajia hadi namba ya soketi. Badilisha nywila ya kiwandani, na poti hiyo isiguse intaneti.

Fimwea ya bodi (programu iliyomo ndani ya chipu yake) usiisasishe kwa umeme wa moja kwa moja wala kwa jenereta peke yake. Iwe kwenye UPS yenye betri nzima, mchana, na nakala ya data ikiwa nje ya jengo. Ikikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena bila programa ya chipu (kifaa cha kuiandika upya).

Kabla ya kufunga kasha, rudisha lile bomba la plastiki linaloelekeza hewa juu ya prosesa na memori. Linaonekana kama urembo, na kila mwezi kuna seva inayofungwa bila hilo, ikachemka ndani ya nusu saa. Kisha washa na utulie. Baada ya kubadilisha memori, bodi inajifunza upya vijiti vyake na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, feni zikivuma kwa nguvu zote. Ipe dakika kumi kabla ya kugusa kitufe.